Libuyu, Kaliptusi na Mikrobe ya Kifua

Vijana wangu wa labo,

Tangu nistaafu na kurudisha ufunguo wa maabara mwezi uliopita, mwenzenu Espérance amenitumia ujumbe mara tatu: "Mama Labo, tuandikie." Nadhani anataka niandike namna ya kutengeneza lame nzuri, kile kioo chembamba cha mikroskopu. Hiyo mnaijua, niliwafundisha mwenyewe, na wale waliokuwa wakisinzia kwa joto la saa nane watawauliza wenzao. Vyeo sitavitaja. Nilianza kazi nikiitwa "weye wa labo" na nikamaliza nikiitwa "Mama Labo", na kati ya hayo mawili haikufika barua yoyote iliyobadilisha namna ninavyosugua kioo. Nitawaandikia juu ya kosa langu moja. Nalionea fahari leo, na nitawaeleza kwa nini.

Siku ya kwanza ya kazi, hospitalini kwetu Bunia, nilikabidhiwa kwa Muzee Uringi, fundi wa labo kutoka upande wa Mahagi, mtu mrefu mwenye vidole vyekundu. Wekundu ule ulikuwa wa fuksini, rangi tunayomwagia makohozi kwenye lame, na haukumtoka hata Jumapili kanisani. Hakuniuliza nilisoma shule gani. Alinipa lame mia moja chafu na ndoo ya maji ya sabuni. Nilipomaliza akaziinua moja moja mbele ya dirisha, akanirudishia themanini.

Mikroskopu yetu ilitumia kioo kidogo cha kushika mwanga wa jua, maana umeme ulikuwa jambo la bahati. Wingu likipita, kazi inasimama. Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi walidhani tunapumzika. Kumbe tulikuwa tunalisubiri jua kama wakulima wengine, ila sisi tulivaa blouse, makoti meupe ya labo.

Muzee Uringi alinifundisha kifua kikuu kabla ya kitu kingine chochote. Unapaka makohozi, unakausha, unamwaga fuksini, unapitisha moto chini mpaka mvuke unapanda, lakini usiache ichemke. Halafu unamwaga asidi. Asidi inavua wekundu kwa kila kitu kilichomo, hata kwa bakteria wa kawaida wa mdomoni. Bakteria wa kifua kikuu peke yake anakataa kuvuliwa, kwa sababu ana ngozi ya nta. Ukimalizia na bluu unamwona amelala pale, kijiti chembamba chekundu kwenye uwanja wa bluu.

"Unaona?" akaniambia siku nilipomwona kwa mara ya kwanza. "Ile ngozi yake iko sawa ganda ya muti. Na kukomala kwake vilevile. Mikrobe ya kuhara inajipasua kila dakika makumi mbili, sawa majani ya shamba. Huyu anangoja karibu siku muzima njo anajipasua mara moja. Huyu ni libuyu."

Libuyu, kwa wale mliokulia mjini, ni ule mti mkubwa wa mbao nyekundu wa msitu wetu. Babu anauona mdogo, mjukuu ndiye anaukata. Niliupenda mfano huo sana. Sikuwa nimewahi kuona libuyu uliosimama. Nilizaliwa kwa wafugaji, nilijua ng'ombe na nyasi, na libuyu niliujua kama kitanda. Hata hivyo niliuchukua mfano ule nikautumia miaka na miaka. Nilichora bango kubwa nikalitundika ukutani juu ya benchi la wagonjwa. Upande mmoja mti, upande mwingine bakteria. Mti una ganda, bakteria ana nta. Mti ni chembe hai zisizohesabika zilizoshikana, bakteria ni chembe moja tu. Mti unajipikia chakula kwa jua, bakteria anakula kwetu. Wote wawili wameandikwa na wataalamu kwa majina mawili ya Kilatini, kama Wakristo wenye jina la ubatizo na jina la ukoo. Chini kabisa niliandika kwa herufi nene: WOTE WANAKUA POLEPOLE. Wageni waliotembelea hospitali walilipiga picha.

Kisha vita ikaja. Sitaiandika hapa. Ilipopungua, Muzee Uringi alikuwa amestaafu na kukaa kwake Saio, nami nikabaki na labo. Amani iliporudi Bunia haikurudi yote. Ilirudi kama mgonjwa anayetoka kitandani akishika ukuta. Soko lilifunguliwa, shule zilifunguliwa, lakini mtu aliuliza kwanza nani anakaa kwenye avenue fulani kabla ya kupita.

Ni katika siku hizo alipokuja mtu mmoja kutoka kambi ya waliokimbia Djugu, pamoja na binti yake wa miaka kumi hivi, jina lake Mave. Kwa hiyo tulimwita Baba Mave. Alikuwa mpasua mbao, mwenye mabega mapana, ila shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Nilisoma jina la kijiji chake kwenye karatasi. Yeye akasoma jina langu kwenye blouse. Kwa Bunia ya wakati ule, hayo mawili yalitosha. Watu wa kwetu na watu wa kwao walikuwa wamechomeana nyumba.

Nikampa kikopo. "Baba, kohoa toka chini ya kifua, siyo mate. Enda pale inje, fasi ya hewa."

Akakishika, asiondoke. "Hii makoozi yangu, utafanya nayo nini?"

"Nitatafuta mikrobe ndani."

"Na nani atajua kama unasema kweli?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza urefu wa ubao. Nikamwambia: "Rudi kesho. Utaangalia weye mwenyewe."

Kanuni ya labo hairuhusu mgonjwa kukaa kwenye mikroskopu, na ninyi msinifuate katika hilo bila sababu. Mimi nilikuwa na sababu. Kesho yake alikaa kwenye kiti changu, akafumba jicho moja, akatulia muda mrefu. Alikuwa na macho mazuri, macho ya mtu anayefuata mstari wa msumeno.

"Tujiti twekundu," akasema mwishowe. "Iko mingi."

"Iko mingi, Baba."

"Na hii yote iko mu kifua yangu?"

"Hii ni kidogo tu yake."

Akaondoka kwenye kiti polepole. Nikaona ni wakati wa mfano wangu, nikamwonyesha bango. "Hii mikrobe iko sawa libuyu. Inakomala pole pole sana. Njo maana dawa ni ya miezi sita."

Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Libuyu ninajua," akasema. Nilifurahi, nikarudi kwenye lame zangu. Sikumuuliza ameelewa nini.

Alikuwa mgonjwa mwema. Kila asubuhi alifika kumeza vidonge mbele ya muuguzi, akaanza kujaza lile shati. Baada ya miezi miwili nikapima makohozi yake tena na sikuona hata kijiti kimoja. Nilimwambia nikicheka, naye akacheka. Wiki iliyofuata hakuja. Muuguzi akaenda kambini akamkuta mke wake, ambaye alisema mume amekwenda kupasua mbao kule mbele ya Boga, kwenye njia ambayo madereva wenyewe waliulizia habari kabla ya kuipita. Muuguzi akaandika kwenye rejista: ameacha dawa. Alikuwa mtu wa sita kuandikwa hivyo katika miezi michache, na kwa aibu yangu, ule wingi haukunifanya nijiulize kitu.

Baada ya miezi minne Baba Mave alirudishwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na shemeji yake ili asianguke. Mave na mama yake walikuja kwa miguu kutoka kambini. Nilipaka lame yake kwa mikono yangu. Uwanja ulijaa wekundu kuliko mara ya kwanza.

Nilimfuata kwenye benchi. "Baba Mave, juu ya nini uliacha dawa?"

"Sikuacha, Mama Labo." Alisema neno, akapumua, akasema jingine. "Nilijua niko na wakati. Uliniambia iko sawa libuyu. Libuyu ukiukata, kisiki kinaoza. Na kama mbegu imebakia, mutoto wa libuyu anahitaji miaka mingi njo anakuwa muti. Nikasema, nitapasua mbao miezi tatu, ine, batoto bakule. Halafu nitarudia kumaliza dawa. Haitakuwa imekomala bado."

Nilikaa karibu naye. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Mtu yeyote anayejua miti angepiga hesabu hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyempa mti usiofaa.

Yule muuguzi, mtu mwema, aliniona uso akanivuta pembeni. Nikamwambia nataka kukiri kosa langu mbele ya Baba Mave. Akatikisa kichwa. "Usiseme vile, Mama Labo. Kambini watasema watu wa kwenu munawaua kwa makusudi. Rejista inasema ameacha dawa. Achia pale."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Watu walikuwa wamekufa Bunia kwa maneno madogo kuliko hayo. Nilirudi labo, nikasafisha meza iliyokuwa safi, nikazima taa ya alkoli iliyokwisha kuzimwa. Halafu nikaona kwamba nikinyamaza, kesho nitampa mtu wa saba libuyu uleule. Nikatoka.

"Baba Mave," nikamwambia mbele ya mke wake, "kosa iko yangu. Ni miye nilikupa muti mubaya. Mikrobe inajipasua pole pole kuliko mikrobe zingine, ni kweli, lakini haingoje miaka. Na kidogo ikibakia ndani, inarudia. Sikukueleza vizuri."

Akanitazama usoni. Mke wake alitazama chini.

"Weye ulipasua mbao fasi gani?" Baba Mave akaniuliza.

"Sijapasua hata siku moja."

"Njo vile," akasema. Ukali haukuwepo, alisema kama daktari aliyepata chanzo cha homa. Akaomba mkono wa mke wake, akasimama, akatuongoza hatua kwa hatua mpaka kwenye uzio wa hospitali, ambapo kaliptusi, yaani mikaratusi, zilikuwa zimekatwa wakati wa kiangazi ili kupata nguzo. Kila kisiki kilikuwa kimetoa matawi mapya yaliyosimama wima. Mengine yalinifika kiunoni. Nilikuwa nikipita hapo kila siku nikienda chooni.

"Ungenipa huyu," akasema. "Kaliptusi ukiikata, uwanja unakuwa mweupe, unafurahi, unasema kazi imeisha. Lakini chini iko mzima. Na ikirudia, hairudie muti moja. Inarudia ine, tano. Kuimaliza ni kuchimba kisiki na mizizi yote. Ile kazi ni ya siku mingi, na hakuna mutu atakusifu, sababu hakuna kitu kinaanguka."

Nikaelewa papo hapo. Miezi miwili ya mwanzo ya dawa inaangusha shina, ndiyo maana mtu anapata nguvu na lame inakuwa safi. Miezi minne inayofuata inachimba mizizi, na mgonjwa haoni kitu kinachoanguka. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikisifia ganda la mti kwa watu waliohitaji kusikia habari za kisiki.

Jumapili nikaenda Saio kumwona Muzee Uringi. Nilimkuta akichagua maharage ya mbegu kwenye ungo, vidole vyake bado na wekundu kidogo kandokando ya kucha. Nilimweleza yote. Nilidhani atautetea mti wake, maana hakuwa mtu wa kukubali haraka.

"Ile libuyu niliwaambia watu miaka ngapi?" akauliza.

"Tangu nikujue, Muzee."

Akaingia ndani, akatoka na kalamu na daftari ya watoto. "Rudilia ile ya kaliptusi. Pole pole, niandike."

Nikarudia, akaandika. Alipomaliza akaisoma tena na kunitazama juu ya miwani. "Lakini kaliptusi inasimama fasi yake. Hii mikrobe inatembea. Yule mutu amekohola mu nyumba moja na batu yake. Umepima mutoto?"

Sikuwa nimempima. Nilikuwa nimeshughulika na kosa langu hata nikasahau kazi yangu. Andikeni hilo pia.

Jumatatu Mave alikohoa kwenye kikopo kwa bidii ya mwanafunzi. Lame yake ilionekana safi. Mtu mwenye haraka angeandika sifuri. Mimi nilihama uwanja mmoja baada ya mwingine, mstari wa juu mpaka wa chini, nikalisubiri wingu lipite, nikaendelea. Katika viwanja mia nilipata vijiti vinne. Vinne tu, na kimoja kimejificha chini ya chembe ya mate. Nikamwita muuguzi aangalie naye. Mtoto akaanza dawa siku hiyohiyo. Katika kazi yangu yote hakuna hesabu ninayoionea fahari kuliko hiyo nne.

Kwa baba yake mambo yalikuwa magumu zaidi. Mtu aliyeacha dawa na kurudi anaweza kuwa na bakteria waliozoea dawa, na mikroskopu haiwezi kukuambia. Kijiti ni kijiti. Ilibidi makohozi yasafiri mpaka Kinshasa, kwenye labo kubwa inayoweza kuwaotesha bakteria na kuwajaribu. Nilifunga kikopo mara tatu, nikakipeleka mwenyewe uwanja wa ndege ndani ya sanduku la baridi, nikamweleza mtu wa mizigo kwamba asilifungue kutafuta samaki. Huku nyuma Baba Mave akaanza matibabu ya miezi nane, na sindano kila siku kwa miezi miwili ya kwanza.

Aliijua hofu yangu bila kuambiwa. Siku moja, akisugua mahali pa sindano, akauliza: "Kama ulikata na panga butu, kisiki kinazoea panga?"

"Inaweza, Baba. Njo tunangojea Kinshasa."

"Basi tutangojea," akasema. Na hapo ndipo kukua polepole kulipotuuma kweli, kwa sababu bakteria wanaooteshwa kule Kinshasa hawakuwa na haraka na sisi. Wiki zilipita, kisha miezi. Kila ndege iliyotua nilituma mtu kuuliza. Karatasi ilipofika niliisoma nimesimama mlangoni, nikaisoma tena kutoka chini kwenda juu. Dawa zote zilikuwa bado zinawaua bakteria wake. Nilimkuta Baba Mave kwenye benchi, nikamwambia, naye akaondoa kofia, akainamisha kichwa. Mke wake akaomba kwa lugha yao. Sikuelewa maneno, lakini jina langu nililisikia ndani yake mara mbili.

Nilirarua bango la libuyu nikachora la kaliptusi: shina lililoanguka, kisiki, matawi mapya, mizizi chini ya ardhi. Baba Mave alilikagua. "Hii uliyochora ni muhogo," akasema, akachukua kalamu akarekebisha. Bango mnalolifahamu ninyi lina mkono wake. Tangu siku hiyo nikaweka sheria ambayo baadhi yenu mliilalamikia: mgonjwa hatoki mbele yenu kabla hajarudisha kwa maneno yake kile alichosikia. Mfano wowote ni mzuri mpaka mtu anayejua zaidi aupeleke msituni. Na walioacha dawa? Sikuwahi kusema hawakuwepo tena. Walipungua, na waliorudi walirudi mapema, wakisema wenyewe, "Mama Labo, niliacha kisiki."

Mave alimaliza miezi sita yake kwanza. Baba yake alimaliza nane. Asubuhi ya mwisho nilisoma lame yake, nikafungua rejista, nikaandika "amepona". Aliomba nimsomee neno hilo kwa sauti, nikamsomea. Akaomba tena, nikasoma tena.

Alipotoka na Mave, kwenye benchi alikuwepo mama mmoja aliyekuwa na miezi miwili ya dawa. Alitoka kijiji cha jirani na kwetu, na nyumba yake ilikuwa imechomwa na watu wa upande wa Baba Mave. Kila mtu pale alijua. Alikuwa amefunga kifurushi chake, ameniambia asubuhi ile kwamba anajisikia vizuri na anarudi shambani. Nilikuwa nimemweleza yote niliyoyajua, naye alikuwa amenijibu kwa heshima kwamba amesikia, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Baba Mave alimsalimia. Mama hakujibu. Baba Mave, kofia mkononi, akasema: "Mama, miye vilevile nilijisikia muzuri. Nikaenda Boga. Nilirudia nimebebwa, na nilikuwa nimeambukiza huyu mutoto." Akamvuta Mave mbele ili aonekane.

Mama alimtazama mtoto. Hakumtazama baba. Mimi nilikuwa mlangoni na lame inayokauka mkononi. Kisha mama akakiondoa kifurushi kwenye benchi, akakiweka chini, na Mave akakaa mahali hapo. Baba yake akachuchumaa mbele yao, akaanza kueleza habari za kaliptusi.

Nilirudi ndani kufanya kazi. Mama yule alimeza dawa miezi sita yote, hakukosa hata siku moja.